Helikopta Ilinivunja, Mkwe Akaniunga

Ukianguka kutoka juu ya mparachichi, watu watakupa pole. Ukianguka na helikopta, watataka kwanza uwaeleze ilivyokuwa kuipanda, kama viti vyake ni vya ngozi, na kama ni kweli ng'ombe huonekana wadogo kama mende kutoka juu. Pole itakuja baadaye, wakikumbuka. Mimi nimeeleza habari za viti mara nyingi kuliko habari za mgongo wangu, na ndiyo maana nimeamua kuandika. Kuna mtu mahali fulani, hata kama hajawahi kuikaribia helikopta, amelala chali leo akihesabu misumari ya dari, ameambiwa uti wa mgongo umevunjika na mguu hausikii. Huyo ndiye ninayemwandikia. Wengine mnaweza kusoma kwa ajili ya viti. Vilikuwa vya ngozi.

Mimi ni mkulima wa miwa upande wa Kabras, si mbali na Malava, na ndiye ninayeongoza kikundi chetu cha akina mama wanaoimba na kucheza kwenye mazishi na mikutano. Januari hiyo, jua kali na miwa imekomaa, mheshimiwa mmoja alitua kwa helikopta kwenye mazishi ya jirani yetu. Kwetu marehemu akiwa mtu mkubwa, helikopta huja. Akiwa mtu mdogo huja pia, mradi uchaguzi umekaribia. Nilimtungia mheshimiwa wimbo papo hapo, kwamba mama wa Kabras amepanda baiskeli, amepanda mkokoteni, amepanda trekta la miwa, na sasa limebaki jambo moja tu. Alicheka sana, akasimama mbele ya waombolezaji wote, akasema rubani anipeleke mimi kwanza Mautuma, alikokuwa na mkutano baadaye, nikawachangamshe akina mama wa huko, kisha helikopta irudi kumchukua yeye akimaliza kula. Sasa wewe umeomba kitu kwa wimbo, mbele ya kijiji kizima, na umepewa. Utasema unaogopa?

Tukapanda, mimi na rubani peke yetu. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, ambaye kila mtu alimwita Kapteni. Alinifunga mikanda, akanivika vile vitu vya masikioni, na kabla mlango haujafungwa nikamsikia mheshimiwa akimwambia, "Mpe mama raha kidogo huko juu."

Hatukuwa tumefika nusu ya safari, chini yetu miwa mitupu, sauti ya injini ilipobadilika. Haikulipuka. Ilififia tu, kama kinu cha kusaga mahindi stima inapopotea. Kengele ikaanza kulia mbele ya Kapteni, taa nyekundu ikawaka, naye papo hapo akasukuma chini mkono wa chuma ulio kando ya kiti chake. Helikopta ikashuka ghafla.

Hapa lazima niseme ukweli, ingawa mume wangu amenishauri niruke sehemu hii. Mimi nilijua hiyo ndiyo raha niliyoahidiwa. Nikapiga vigelegele. Nilivipiga kutoka juu angani mpaka karibu na miwa, nikapiga na makofi, nikamwambia Kapteni aongeze kidogo. Karibu na ardhi aliinua pua ya helikopta, mwendo ukapungua, nikaona majani ya miwa yakilala pande zote, halafu tukakaa chini kwa kishindo. Ndani ya kishindo hicho nilisikia sauti nyingine ndogo, kama muwa unaovunjiwa gotini. Hiyo ilikuwa yangu.

Wakata miwa walifika mbio na mapanga yao mikononi. Walitaka kunibeba juu juu, huyu mkono, yule mguu, kama mbuzi wa harusi, lakini Kapteni, akiwa ameshikilia kifundo chake cha mkono kilichovunjika, aliwakatalia kwa ukali. Akasema mama asikunjwe hata kidogo, tafuteni ubao. Wakaenda kung'oa mlango wa kambi yao. Wakati huo ndipo mwenye shamba alipofika. Alitazama helikopta, akatazama miwa yake iliyolala, kisha akaniinamia pale nilipolazwa juu ya mlango, akaniuliza kwa upole kama tuna kibali cha kukata miwa kutoka kiwanda cha sukari.

Ndivyo nilivyofika hospitali ya Kakamega. Eksirei, sindano, eksirei tena, halafu siku nne za kungoja kwenye korido kabla ya upasuaji. Korido ina mengi. Nilijifunza kuwatambua wauguzi kwa viatu vyao, maana ukilala chali viatu huvisikia kabla ya kuona uso. Kulikuwa na mmoja mwenye raba za kijani ambaye kila asubuhi alikuwa akiniosha uso na kunipaka mafuta midomoni bila kuombwa. Leo hii nikisikia raba zikilia sakafuni, moyo wangu hutulia. Ukilazwa, mtafute wako wa raba za kijani. Huwa yupo.

Walinifunga mgongo kwa skrubu na vyuma. Nilipozinduka, mguu wa kulia ulikuwa wangu, lakini wa kushoto ulikuwa wa mtu mwingine. Nilikuwa nikiuamuru na hauendi. Kidole gumba kilinitazama tu. Daktari aliyenipasua, kijana mwenye haraka, alinigonga nyayo kwa kalamu, akasema, "Mguu umelala, haujafa. Lakini mama, unahitaji mazoezi kila siku, na mikono ya mtu anayejua. Miezi hii ya mwanzo ukiipoteza, usinilaumu mimi."

Niliogopa. Nasema hivyo wazi kwa sababu watu wengi waliokuja kuniona waliniambia nisiogope, na hakuna aliyeniambia nitafanyaje ili nisiogope. Mimi huanza ngoma na mguu wa kushoto. Huu mguu ukikataa, ngoma ni hadithi, na hata choo kitakuwa safari ya kuhitaji watu wawili, maisha yangu yote. Hilo ndilo nililokuwa nalo kichwani nilipokuwa nikitabasamu na kueleza habari za viti.

Wiki moja baadaye walinifunga mkanda mpana wa mgongo, mgumu kama gome, kutoka kwapani hadi kiunoni, wakaniweka kwenye kiti cha magurudumu, wakanisukuma hadi chumba cha mazoezi. Mume wangu, Baba Nafula, alikuwa nyuma akibeba mfuko wa eksirei. Tulikaa kwenye benchi nusu ya asubuhi. Hatimaye pazia likafunguliwa, na mtu mwenye koti jeupe akatoka akiwa anasoma jina langu kwenye faili. Alikuwa Mukhwana, mume wa binti yangu.

Kwa wale wasiotoka kwetu, nieleze. Mama mkwe na mume wa bintiye hawapeani mikono. Hawakai kochi moja, hawali meza moja. Wakikutana njiani, mmoja huacha njia. Kwa miaka sita ambayo Mukhwana alikuwa amemuoa Nafula, mimi nilikuwa nimemwona mara nyingi zaidi kwa mgongo, maana nikimwona anakuja nilikuwa nikiingia kwenye miwa mpaka apite. Mara moja niliingia kwenye miwa ya siafu, nikavumilia. Hiyo ndiyo heshima. Na kwa kuwa hatukuzungumza, sikuwahi kumuuliza hasa anafanya kazi gani. Nafula alisema ni daktari wa mazoezi. Mimi nikajua ni mwalimu wa timu ya mpira ya hospitali.

Mukhwana alinyanyua macho kutoka kwenye faili, akaniona na shuka mapajani na kitambaa kimetoka kichwani. Akarudi nyuma ya pazia. Tulisikia kabati likigongwa. Mimi nilijifunika uso kwa mikono miwili, na kama ningekuwa na miguu ningekimbia.

"Hakuna mwingine?" Baba Nafula aliuliza pazia.

"Yule mwenzangu amejifungua juzi," pazia likajibu. "Atarudi baada ya miezi mitatu. Mwambie Mama nampa pole."

"Mwambie nimeshapoa," nikasema.

Siku hiyo tulirudi wodini bila kuguswa.

Jioni yake habari ilikuwa imefika nyumbani, na kesho yake akaja dada ya mume wangu. Watoto wetu humwita Senge Rosa, na sote tukaiga. Senge Rosa ndiye sheria ya boma letu. Yeye hakumbuki alichokula jana, lakini anakumbuka nani alikosa kuleta kuku kwenye mazishi ya babu. Aliketi kando ya kitanda, akafungua kikapu, akanipa obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, aliopika mwenyewe, akangoja nile, kisha akasema:

"Mama Nafula, mkwe akushike mguu? Hiyo haifanyikangi."

"Senge, mguu unakauka."

"Si ati nimekataa upone. Pona. Lakini upone na heshima yako."

Akaeleza kwamba iko njia. Wazee wanaweza kukaa, mbuzi akachinjwa, blanketi likatolewa, na huo mwiko ukafunguliwa. Tatizo lilikuwa nani atoe mbuzi. Upande wetu ukasema mkwe ndiye atoe, maana ndiye atakayeshika. Upande wa kina Mukhwana ukasema mgonjwa ndiye atoe, maana ndiye atakayeshikwa. Mazungumzo hayo yalichukua wiki mbili na nusu bila mwafaka, na kila jioni Baba Nafula alikuwa akija kunipa taarifa kama ya bungeni. Wakati huo wote shavu la mguu wangu lilikuwa likipungua. Nilikuwa nikivaa soksi asubuhi, na saa nne imeshuka yenyewe hadi kisiginoni.

Kwa hiyo tukatafuta njia ya kati, ambayo ni ugonjwa wetu sisi watu wa huku. Tuliamua pazia libaki, Mukhwana akae upande wa pili na kutoa maagizo, naye Baba Nafula awe mikono.

"Baba, shika kisigino cha kushoto," pazia lilisema. "Mkono mwingine chini ya goti. Sukuma vidole vielekee kwa Mama, polepole. Hesabu hadi kumi."

Baba Nafula ni mtu wa kuaminika. Amekata miwa na kupanda miwa miaka thelathini, hajawahi kuchelewa. Alisukuma, akahesabu, jasho likamtoka. Mimi nilikuwa nikisikia raha hasa. Damu ilikuwa ikienda, misuli ikivutika. Tulifanya hivyo kutwa mara mbili kwa siku tisa. Ile siku ya tisa daktari mwenye haraka alipita, akafunua shuka, akaipima miguu yote miwili, akakunja uso.

"Huu wa kulia mbona una nguvu hivi? Ni kama wa mwanariadha. Mmekuwa mkiufanya nini?"

Baba Nafula alikuwa amesimama akinielekea, na kushoto kwake kulikuwa kulia kwangu. Nilikuwa nimeona, ndiyo. Ila nilidhani wasomi wameamua kuanza na mguu mzima ili ule mgonjwa uige. Nyuma ya pazia tukasikia Mukhwana akijitahidi sana asicheke, na akishindwa.

Nilikasirika na Baba Nafula kuliko alivyostahili. Nilimwambia hata ng'ombe hujua upande wake. Alikunja shuka, akatoka, na kupitia dirishani nikamwona amekaa peke yake kwenye ngazi, koti likimpwaya mabegani. Ndipo nilipoona kwamba amekonda. Alikuwa akiamka kukamua ng'ombe, anapika uji vibaya, anauleta mpaka Kakamega, anahesabu hadi kumi, anarudi. Ugonjwa ulikuwa umenilaza mimi, lakini yeye ndiye uliokuwa ukimtembeza. Aliporudi nikamwomba msamaha. Akasema uji wa kesho utakuwa na sukari.

Nafula naye alikuja siku ile ile, akasimama katikati ya chumba cha mazoezi, mama yake upande mmoja wa pazia na mumewe upande wa pili. Binti yangu si mtu wa kulia hovyo, lakini alilia.

"Mnataka nifanye nini? Nyumbani mume wangu halali, anawaza mguu wa mama. Nikija huku mama analia kwa ajili ya mguu. Na nyinyi wawili mmekaa na shuka katikati."

Akajipangusa machozi, akanifunika mguu, akaondoka.

Sasa nirudi kwa Kapteni. Mkono wake ulikuwa umetiwa plasta, na ilipotolewa alianza kuja kwa mazoezi ya kifundo, kwa hiyo tukawa tukikutana kwenye lile benchi. Ni Mungu aliyenipa benchi hilo. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, watu wetu wote walikuwa wakipanda mahindi, na sisi wawili tulikuwa tumekaa tukitazama matone kwenye baraza kama wazee wasiohitajika. Aliniambia kwamba katika miaka yake yote ya kurusha helikopta, hajawahi kupigiwa vigelegele injini ikiwa imezima. Alidhani nimerukwa na akili. Baadaye akadhani ninamwombea kwa lugha yetu, na ikamtia nguvu.

Nilimuuliza kitu kilichokuwa kikinisumbua. "Injini ilipozima, mbona wewe mwenyewe ulitusukuma chini? Si ungejaribu kutushikilia juu kidogo?"

"Hapo ndipo watu hufa, mama," akasema. "Injini ikizima, mkono unatamani kuvuta ili mbaki juu. Ukivuta, mapanga yanayozunguka juu yanapoteza mwendo, na yakisimama hayo, mmekwisha. Unashusha mara moja, bila kubishana. Kule kushuka ndiko kunakopitisha upepo kwenye mapanga, yanaendelea kuzunguka yenyewe. Halafu chini kabisa unavuta ile nguvu uliyoiweka, mara moja tu. Hakuna ya pili."

"Na ukikosea?"

"Mtu anavunjika mgongo," akasema, akaangalia chini. Kisha akaniomba msamaha. Nikamwambia mgongo ni wangu na bado niko nao, asinisumbue.

Lakini yale maneno yalinikaa. Nilikuwa nimelala wiki nyingi nikivuta mkono wa kubaki juu. Heshima yangu ilikuwa juu kabisa, haijaguswa, na mguu ulikuwa ukisimama kama yale mapanga.

Zamu yetu ilipofika siku hiyo, nilimwambia Baba Nafula aondoe pazia. Akaniuliza mara mbili. Senge Rosa hakuwepo, na sitadanganya kwamba hilo halikunisaidia.

Mukhwana alikuwa ameshika ukuta. "Mwambie Mama," alianza, "mwambie, ana uhakika?"

"Mwambie mguu ni huu," nikasema. "Wa kushoto. Anayebisha amuulize Baba Nafula."

Mukhwana akaenda kunawa mikono. Alinawa, akajipangusa, akanawa tena. Akavaa glovu, akavaa barakoa, akaniomba kupitia kwa Baba Nafula nijifunike uso. Nikachukua leso yangu nikajifunika kichwa chote, kama kiti cha wageni kilichovikwa kitambaa. Kwa hiyo mimi sikumwona, yeye hakuniona, na mguu ukabaki peke yake duniani ukishughulikiwa. Mikono yake ilinishika kwanza kwa ncha za vidole tu. Halafu ikapata kazi na ikasahau ni mguu wa nani. Nilihisi alivyotafuta mahali, akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena, na nikajua nimekuwa mjinga, maana hii haikuwa kazi ya kuhesabu hadi kumi. Chini ya leso nililia, na kwa kuwa hakuna aliyeniona, nililia vizuri.

Tuliendelea hivyo kila siku ya kazi, hata baada ya mimi kuruhusiwa kurudi nyumbani. Nyuzi zilikuwa zimetoka zamani, kovu likawa linawasha mvua ikitaka kunyesha. Mahindi yalipoota, kidole gumba kilicheza. Kilicheza mara moja, kama mtu aliyeitwa akiwa usingizini, na Mukhwana akasema, moja kwa moja na si kupitia kwa mtu, "Mama, umeona?" Nilikuwa na leso usoni, ningeonaje? Baba Nafula ndiye aliyeona. Akatoka nje kwenda kuwaambia watu wa benchini.

Palizi ya kwanza ilinikuta naweza kusimama nikishikwa. Wakati wa mahindi ya kuchoma walinitoa ule mkanda, na mgongo wangu ulihisi uchi. Leso nayo ilikuwa ikishuka yenyewe. Mwezi huu iko puani, mwezi ujao shingoni. Senge Rosa aliona yote hayo siku moja aliponisindikiza. Alisimama mlangoni akatazama mkwe akiwa amepiga magoti mbele yangu na mguu wangu umelala pajani kwake. Nilingoja radi. Alisema tu, "Huyo anashika kama mtu anayeosha mtoto," akaenda kukaa nje. Mbuzi hajatolewa mpaka leo. Pande zote mbili bado zinajadiliana, na nasikia yule mbuzi waliyemtaja mwanzoni ameshazaa.

Nikushauri wewe uliyelala. Mwili haurudi kwa siku kuu, hurudi kwa siku za kawaida, na siku nyingi haurudi kabisa. Kuna wiki mguu wangu ulirudi nyuma, nikatupa kikombe ukutani. Kilikuwa cha plastiki, kikanirudia. Kula. Cheka ukiweza. Mshukuru anayekuletea uji hata kama una mabonge. Na kama mikono inayoweza kukusaidia ni ile ambayo huwezi kuiruhusu ikuguse, iruhusu.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuachilia. Katika chumba cha mazoezi kuna vyuma viwili virefu vya kushikilia, unapita katikati yake kama ng'ombe anayekwenda kuogeshwa dawa ya kupe. Nilikuwa nikipita humo vizuri, huku nimeshika. Mguu una nguvu, alisema daktari mwenye haraka. Mukhwana naye alisema una nguvu. Lakini nikifika mwisho wa vyuma nilikuwa nikisimama, mikono imeganda, na hakuna maneno yaliyoweza kuing'oa. Wiki tatu nzima nilifika pale na kurudi. Yule mwenzake Mukhwana aliyejifungua alikuwa amesharudi kazini, akajaribu naye, akashindwa. Nilianza kujiambia kwamba ningeweza kuishi hivyo, na fremu ya kutembelea si mbaya, na wako watu walio na hali mbaya kuliko mimi. Nilikuwa nikijidanganya na nilijua.

Mahindi yalikuwa yamekauka shambani, tayari kuvunwa. Asubuhi hiyo Baba Nafula alikuwa amebaki kutafuta watu wa kuvuna, kwa hiyo Senge Rosa ndiye aliyenileta, akakaa benchini barazani na kikapu chake. Ndani ya chumba tulikuwa wawili tu, na hakukuwa na mtu wa kuambiwa amwambie mwingine. Mukhwana alisimama mbele ya vyuma, mwisho kabisa, hatua mbili kutoka pale mikono yangu huganda.

"Mama," akasema, macho chini. "Njoo kwangu."

Mimi sikuwa nimewahi kumwendea huyu mtu maishani mwangu. Nilikuwa nimemkimbia miaka sita. Nikaanza. Mguu wa kulia, wa kushoto, wa kulia. Nikakaribia mwisho wa vyuma, na Mukhwana, kwa adabu aliyolelewa nayo, alipoona mama mkwe amemkaribia kiasi hicho, akarudi nyuma hatua moja. Nikaenda. Akarudi nyingine. Ilikuwa ni miguu yake tu, haikumuuliza. Nikaenda tena, naye akarudi, na sasa nikaanza kuudhika.

"Umeniita, halafu unakimbia?"

"Sikimbii, Mama."

"Basi simama."

"Nimesimama," akasema, akirudi nyuma.

Akatoka mlangoni kinyumenyume nami nikamfuata. Baraza lilikuwa limejaa. Wagonjwa kwenye mabenchi walivuta miguu yao ndani tupite, mmoja akasogeza magongo. Nilikuwa nimekaza macho kwenye koti jeupe, nikilifikiria neno kali la kumwambia nikimfikia, nimenyoosha mikono mbele yangu kama ambaye bado ameshika kitu. Tulipita chumba cha sindano, tukapita ndoo ya msafishaji, mpaka Mukhwana akagonga mgongo kwenye ukuta wa dirisha la dawa, palipokuwa na foleni ndefu. Hakuwa na pa kwenda. Nikasimama mbele yake, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake.

Macho yake yalikuwa chini kama inavyotakiwa, kwa hiyo yeye ndiye aliyeiona kwanza miguu yangu. Aliitazama, kisha akaitazama mikono yangu.

"Mama," akasema. "Umeshika nini?"

Nikatazama mikono yangu. Nikageuka kutazama nilikotoka. Mlango wa chumba cha mazoezi ulikuwa mbali kule, na watu wote wa benchini walikuwa wamesimama. Hapo ndipo nilipoanza kuyumba, si kabla. Mukhwana akanyoosha mkono kunidaka, akaukumbuka mwiko, akauacha mkono hewani katikati yetu, hauji wala haurudi. Nami nilikuwa nauangalia tu. Foleni yote ya dawa ikageuka kututazama.

Senge Rosa alikuwa amekuja nyuma yetu na kikapu chake kichwani. Alitutazama wote wawili, akatazama na foleni.

"Si mshikane huo mkono," akasema. "Watu wanataka dawa."

Nikaushika. Ulikuwa wa moto, na safari hii haukuwa na glovu.